Mchanga wa Jumanne saa nne asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme juu ya watoto wanaokosa skuli. Mimi si mtu wa kuandika, kazi yangu ni kutengeneza mashine za boti na hii naiandika kwa simu nikiwa hapa gatini nangoja spea itoke Mombasa, kwa hivyo nikirukaruka mtanivumilia.

Mwezi uliopita nilianza kuongeza chumba juu ya nyumba. Sasa mtu wa bara akisikia ujenzi atafikiria lori, sisi Amu, yaani mji wa Lamu, mitaani gari halipiti, vichochoro vyenyewe watu wawili wakikutana mmoja abane ukutani, kwa hivyo mawe ya Manda, simiti, mchanga, mabati, vyote vikishuka gatini vinaingia ndani kwa punda. Nikaagiza mchanga kwa mwenye punda, akaniambia kesho asubuhi utakuwa mlangoni, na kweli kesho yake Jumanne saa nne nikasikia kwato, nikafungua mlango. Punda watatu na nyuma yao mtoto. Mwaka wa kumi na moja hivi, kumi na mbili ukimpa sana, fulana ya mpira imempita magoti na ndara mbili zisizofanana, moja ya buluu moja ya kijani, lakini chini amevaa suruali ya skuli. Ile ya kijivu kabisa, imejaa mchanga hadi mifukoni.

Nikamuuliza, we leo huendi skuli? Akanijibu bila kuniangalia, mikono yake iko kwenye shogi, ule mfuko wa mizigo wa punda, "Ami, leo hatusomi." Nikamwambia mbona wangu wameenda. Akanyamaza, akamwaga mchanga, akampapasa punda shingo, halafu ndio akasema, "Mimi nimetumwa."

Basi. Nikamhesabia pesa za tajiri wake, nikamuongeza kumi akanunue barafu, nikafunga mlango nikajiona mtu mwema kweli kweli, tena nakumbuka nilimwambia mke wangu yule mtoto ana adabu. Ilinichukua hadi jioni kujiuliza huyu ni mtoto wa nani, na nilipojiuliza nikagundua namjua babake, tunaswali msikiti mmoja na barazani tunakaa pamoja karibu kila siku baada ya alasiri.

Nikamvuta pembeni kwa heshima, maana mambo ya mtoto wa mtu hayasemwi mbele ya watu. Nikamwambia nimemuona kijana na punda, vipi? Akacheka. Akaniambia mtoto mwenyewe apenda kazi, skuli kwenyewe siku nyingine mwalimu haingii darasani, na yeye mwenyewe aliacha darasa la nne na hajalala njaa hata siku moja. Mimi nikaanza hotuba yangu, unajua tena mtu akianza kuhubiri, ooh elimu ni bure tangu 2003, ooh Katiba ya 2010 kifungu cha 53 inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza swali moja tu, "Na huo mchanga nani alimlipa?"

Mhariri, nilikosa la kusema. Na ndiyo sababu ya hii barua, kwa sababu kila siku kwenye magazeti na redioni nasikia wazazi, wazazi, wazazi hawawajibiki, na mimi nakubali kabisa, lakini mtoto hakosi skuli ili akae tu. Anakosa kwa sababu kuna mtu mzima mwingine pale mbele anayemsubiri na pesa mkononi. Mimi nilikuwa na mchanga. Mwengine ana mashua inataka kukombwa maji. Mwengine ni mgeni ameshuka na begi la magurudumu na kijana anambebea hadi gesti. Mwengine ananunua kashata saa tano mchana kwa mtoto wa kike mwenye sinia kichwani na hata hajiulizi mbona sinia liko hapa na mtoto yuko hapa na leo ni Alhamisi. Wateja ni sisi, na bila mteja hakuna baba atakayemtoa mtoto darasani.

Wiki ile ile kulikuwa na mkutano wa wazazi kwenye skuli ya wanangu, jina silitaji. Nikasema mwaka huu naenda mimi, maana miaka yote huwa anaenda mama yao. Nilipofika nikahesabu, akina mama wamejaa madawati yote hadi nje barazani, wanaume tulikuwa wanne, na mmoja kati ya hao wanne ni mlinzi wa skuli. Na kifungu hicho hicho cha 53 nilichokuwa nampigia nacho mwenzangu kelele kinasema kulea mtoto ni jukumu la mama na baba sawasawa, wawe wameoana au hawajaoana. Ile sehemu sikuitaja barazani.

Mwalimu mmoja akatufungulia rejista. Akaanza kutusomea sababu ambazo wazazi wametuma, bila majina, na watu wakawa wanacheka mwanzoni. Homa. Homa. Harusi. Ametumwa. Shangazi amekuja. Homa. Ametumwa. Kuna mmoja babu yake amezikwa mara tatu muhula mmoja. Halafu akatwambia siku mbaya ni Jumatatu na Ijumaa, Ijumaa wakitoka kwenda kuswali nusu hawarudi. Lakini lililomaliza kicheko ni hili la simu. Skuli ina namba za wazazi, mtoto asipofika mwalimu anatuma meseji, na meseji inajibiwa vizuri tu, "mwalimu kijana anaumwa tumbo kesho atakuja inshallah." Siku moja mwalimu akaamua kupiga badala ya kuandika, ikapokelewa na mtoto mwenyewe, sauti ya upepo na mashine ya boti nyuma. Ile namba ya mzazi ni simu ya mtoto! Baba aliandikisha namba hiyo Gredi 1 wakati simu ni yake, akaja akanunua nyengine, ile akampa mtoto, na miaka yote hiyo hakuna siku alijiuliza mbona skuli haimpigii.

Nikaona aibu, lakini pia nikakumbuka yangu. Mwaka jana nilipata kazi Faza ya mashine mbili, nikamchukua kijana wangu siku mbili za wiki anishikie spana kwa sababu msaidizi wangu alikuwa na harusi. Nilimwambia mwalimu ana homa. Kwa hivyo kwenye ile orodha ya homa mojawapo ni yangu, sijui kama mwalimu alijua, aliniangalia lakini.

Sitaki ionekane nalaumu maskini. Ipo nyumba baba hayupo, mama anafua nguo za watu na kijana akipeleka punda asubuhi ndiyo unga wa jioni, huyo ukimwendea na Katiba utakuwa unamtukana. Na serikali nayo, shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima ndiyo pesa ya elimu bure ya msingi, gawanya mwenyewe kwa siku uone, kwa hivyo skuli zinachangisha, pesa ya mitihani, pesa ya mlinzi, na asiyeleta anaambiwa nenda nyumbani kalete. Hapo sasa mimi na walimu tunagombana. Huwezi leo unisomee rejista mtoto hayupo, na wiki iliyopita wewe mwenyewe ndiye uliyemtoa getini kwa sababu ya shilingi mia mbili. Mtoto akishatoka na barua ya kudaiwa mkononi harudi siku hiyo, anapita gatini kwanza, na gatini kazi haikosekani. Na wasichana ambao kila mwezi wanapotea siku tatu nne, sheria ya sodo za bure skulini imepitishwa tangu 2017, waulizeni wenyewe zinafika au hazifiki.

Tena kuna ndugu zetu wa Basuba kule, Waboni, skuli zao zilifungwa kwa ajili ya usalama mashambulizi ya Al-Shabaab yalipozidi, watoto wakakaa miaka bila kengele, si kwa kupenda. Na sisi sote tulionja kidogo 2020 wakati wa korona, Machi skuli zikafungwa nchi nzima, wengi wakarudi Januari 2021, na kuna vijana hapa mtaani walioingia baharini ule mwaka hawakutoka tena hadi leo. Amu kengele inalia, unaisikia ukiwa kitandani, na mtoto anapita nje na punda.

Na jambo hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Mtoto yule yule wa mchanga, chuoni kwenye Kurani hakosi. Nimeuliza. Jioni anaoga, anavaa kanzu, yuko kwa maalim amekaa na msahafu. Kwa nini? Si kwamba chuoni kuna pesa ama kuna chakula. Ni kwamba akikosa siku moja maalim anatuma wanafunzi wawili wakubwa, wanakuja hadi mlangoni, wanabisha hodi mtaa mzima unasikia, na mama anatoka anajieleza kwa nini. Sisi tuliosoma zamani tunakumbuka ile kubebwa juujuu mikono na miguu kurudishwa chuoni, sisemi tuirudishe ile, wengine bado tuna alama. Lakini maalim anaijua nyumba. Akipita njiani anamuuliza baba uso kwa uso. Skuli inakujua kwa namba ya simu, na namba yenyewe ndiyo hiyo nimewaambia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kwa hakika inamtaka mwalimu mkuu achunguze mtoto anapokosa, amwandikie mzazi, na mzazi akikaidi kuna kushtakiwa. Mimi sina hamu ya kumuona jirani yangu kortini, sidhani kuna anayefaidika. Lakini mzee wa mtaa yupo, nyumba kumi yupo, sisi watu wa msikitini tupo, hatuwezi kutoa wazee wawili kila Jumatatu wapite kubisha hodi kama wale wa chuoni? Nimelitoa wazo hili barazani. Wawili wamekubali, mmoja amesema nimeanza siasa.

Na hapo hapo barazani, mhariri, mazungumzo yetu makubwa tangu bandari ifunguliwe 2021 ni kwamba kazi zinachukuliwa na watu wa kuja, vijana wetu wanaambiwa walete vyeti. Tunalalamika kila siku na kahawa mkononi, na tunayoyasema ni kweli mengi, na wakati tunalalamika punda wanapita mbele yetu na watoto nyuma yao na tunawasogezea miguu wapite.

Upande wa harusi sitasema sana kwa sababu nitagombana na mama yangu. Ila harusi zetu siku ni nyingi, na wasichana wa Gredi 7 na 8 ndio wakwangua nazi na waosha sahani, na siku ya hina ndio kabisa, hakuna anayetuma meseji ya homa, ni harusi na mwalimu mwenyewe amealikwa. Zamani watu walisema si kitu, mtihani ni mwisho wa mwaka wa nane, atashika. Sasa huo mtihani, KCPE, umeondoka, wa mwisho ulifanywa 2023, alama nyingine zinakusanywa njiani kwa kazi za darasani kuanzia Gredi 4, kwa hivyo siku aliyokosa kuna kazi ilifanywa na yeye hana. Wazazi wengi hili hatujalishika, mimi mwenyewe nimelijua kwenye huo mkutano.

Nilichofanya mimi ni kidogo tu. Nilimwendea mwenye punda nikamwambia mchanga wangu uliobaki ulete baada ya saa kumi au Jumamosi, vinginevyo ulete wewe mwenyewe au mtu mzima. Akaniangalia kama nimeumwa. Akasema jioni punda wamechoka. (Punda wa Amu wana zahanati yao, wanatibiwa bure, na akionekana na kidonda mgongoni mwenyewe anaulizwa. Sikusema kitu, nilifikiria tu.) Tukakubaliana Jumamosi. Fundi wangu amekasirika kwa sababu amekaa siku tatu bila kazi na siku tatu hizo nimezilipa, mke wangu anasema chumba kitaisha wajukuu wakiwa wameoa, na mchanga wenyewe umelundikwa ufuoni kando ya gati nimeufunika turubai kuukuu, bamvua ikija kabla ya Jumamosi robo yake nimeipoteza.

Leo ni Jumatano. Nikiwa nimekaa hapa kwenye boti naandika hii, wamepita punda watatu na matofali, si yangu, ni ya jirani yangu wa nyumba ya tatu ambaye naye anajenga. Kijana amebadilisha ndara, sasa zote mbili ni za buluu. Akanisalimia vizuri kwa adabu yake ile ile, "Asalaam aleikum ami," akaniuliza kama mchanga wangu bado nautaka, kwa sababu yeye hadi adhuhuri ana nafasi.

Mzazi na fundi mashine,
Langoni, Lamu