Upweke wa anayefanyia kazi nyumbani unamhusu mwajiri pia

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo wengi wetu tunaofanyia kazi nyumbani hatulisemi, kwa kuogopa kuonekana watu wasio na shukrani. Tumeepukana na foleni za asubuhi, tunajipangia saa zetu, na nisingependa kurudi ofisini siku zote tano za wiki. Hata hivyo, kuna upweke unaotuingia polepole, na naona dawa yake inatafutwa mahali isipokuwapo.

Niliutambua jioni moja nilipopokea simu ya dada yangu. Nilipoitika, sauti ilikwama kooni, ikatoka imekauka, naye akaniuliza kama naumwa. Ndipo nilipogundua kuwa tangu jana yake sikuwa nimezungumza na mtu yeyote kwa mdomo, ingawa siku hiyo nilikuwa nimehudhuria vikao viwili vya mtandaoni, kipaza sauti changu kikiwa kimezimwa, na kujibu ujumbe mmoja baada ya mwingine mpaka macho yakauma.

Kwa hiyo tunachokikosa si mawasiliano. Tunakosa mazungumzo yasiyo na ajenda: kujuliana hali mlangoni, kuulizwa mbona leo umenyamaza, soga ya dakika tatu na mtu ambaye hata si rafiki yako wa karibu. Ofisini hayo huja yenyewe. Nyumbani hayaji mpaka yapangwe, na aliyekwisha kulemewa na upweke ndiye asiye na nguvu ya kuyapanga, ndiyo maana ushauri wa kumwambia "jitahidi kujichanganya na watu" humwongezea mzigo tu.

Waajiri wasidhani kwamba kazi ikienda vizuri basi na mtu yuko salama. Katika utafiti uliofanywa kwenye kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2015, wafanyakazi waliopelekwa nyumbani kwa miezi 9 waliongeza ufanisi kwa asilimia 13, lakini waliporuhusiwa kuchagua upya, takriban nusu yao waliomba kurudi ofisini, na upweke ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Hesabu za kampuni zilikuwa nzuri huku watu wakiumia kimyakimya. Nalo si jambo dogo kiafya: Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2025 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke.

Mimi binafsi nimesaidiwa na mambo madogo. Natoka nje kutembea kabla ya kuwasha kompyuta, na jambo ambalo ningeliandika kwa mistari miwili nalimaliza kwa kupiga simu. Lililonifaa zaidi ni makubaliano na mwenzangu mmoja wa kazini kwamba kila asubuhi tuache simu wazi kwa muda wa saa nzima, kila mmoja akiendelea na shughuli zake. Mara nyingi hatusemi kitu. Nasikia vitufe vyake vikigongwa, kiti kikilia anapojinyoosha, na pengine akihema kwa uchovu, nami namuuliza kuna nini.

Lakini tulilianzisha wenyewe, nje ya ratiba, karibu kwa kujificha, kana kwamba tunaiba muda wa kazi. Ombi langu kwa waajiri ni kwamba muda wa namna hiyo uhesabiwe kuwa sehemu ya kazi, na anayetaka siku moja au mbili za ofisini apewe bila kuulizwa maswali. Kulazimisha watu wafungue kamera hakusaidii, kwa kuwa kutazamwa si sawa na kujuliwa hali. Msimamizi naye, anapompigia aliye chini yake, asianze kwa kuuliza kazi imefika wapi. Amsalimu kwanza, kisha asubiri jibu.

Msomaji wako