Wajina, kuhusu hilo la bia

Sakina, Arusha
Mwezi wa sita

Wajina wangu,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ila baridi imeshika. Asubuhi wingu linakaa juu ya mji kama mpangaji asiyelipa kodi, na Mlima Meru hatuuoni mpaka saa tano. Hongera tena kwa kazi ya urubani. Mama yako alinipigia kunipa habari kabla yako, na nadhani Kiboriloni nzima wameshajua.

La chumba niachie mimi. Kisongo vipo, na utakuwa karibu na uwanja wa ndege. Njiro usiihangaikie kwa mwanzo huu, nauli tu itakumaliza.

Hilo lingine ndilo limenifanya nikae niandike badala ya kukupigia simu. Unasema baba mdogo kakwambia rubani asiyekunywa hana marafiki, na wewe bia umeshaiweka pembeni, sasa unaogopa utakuja kukaa mwenyewe na tangawizi yako. Baba mdogo hajakosea sana. Jioni ukitoka kazini utawakuta watu wamekaa, nyama iko jikoni, na dada anayehudumia anajua kila mtu anakunywa nini, ya baridi au ya moto. Mmoja akisema "lete kama tulivyo", zinakuja za meza nzima, na ya kwako inafunguliwa kabla hujasema kitu. Kiu haisumbui, wajina. Inayosumbua ni ile chupa iliyokwisha kufunguliwa, tena imelipiwa na kapteni ambaye wiki ijayo ndiye atakayekaa pembeni yako kukupima kama unafaa kuachiwa ndege.

Na meza ile siibezi. Mambo mengi ya kazi hii nimeyasikia pale: uwanja gani wa porini unateleza mvua ikinyesha, wapi swala wanapenda kusimama katikati ya njia, upepo wa Manyara unavyokushusha ukikaribia ukingo wa bonde. Kapteni mzee ofisini hafungui mdomo, lakini mbele ya mbavu za mbuzi anafunguka. Kwa hiyo usiwakimbie. Kaa nao, kula, sikiliza, ondoka mapema.

Usipokunywa watakutafutia sababu wao wenyewe: umeokoka, umekuwa Msabato, uko kwenye dozi, au umetumwa na ofisi kuja kusikiliza. Usijitetee kwa uongo wa dawa. Dozi huwa inaisha, na wiki inayofuata utaulizwa kama umepona. Mimi nilianza kusema "sinywi" na kuendelea kutafuna, basi. Walinichokoza mwanzoni, baadaye wakapata mtu mwingine wa kumchokoza. Wenzetu Waislamu wana afadhali kidogo, jibu lao linajulikana. Wanaopata tabu ya pande zote ni marubani wa kike: akiagiza bia anasemwa, akiagiza juisi anaulizwa kama ana mimba. Jambo dogo la pesa: bili ikija wanapenda kugawana sawasawa, na soda zako zinageuka kulipa bia za watu. Lipa chako papo hapo kinapoletwa. Watanuna, watazoea.

Porini ni hivyo hivyo. Ukilala kambini Serengeti, wageni uliowaleta mchana watataka kumnunulia kinywaji "rubani wetu" jua linapozama. Hawa ni wepisi. Waambie kesho asubuhi unarusha ndege, watakupenda zaidi. Ila kuna zawadi za chupa mwisho wa safari, whisky za bei mbaya. Mimi nampelekea fundi wa ndege mmoja ambaye ndoa ya binti yake imekaribia. Nadhani mpaka siku ya harusi atakuwa ameshafungua baa.

Nyumbani ndiko kugumu. Desemba tunapanda Moshi kama Wachaga wote, na mbege, pombe yetu ya ndizi, ipo kwenye ubarikio, ipo kwenye harusi, ipo kwenye kikao cha kugombea mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Pale kukataa kata aliyokushikisha mzee ni kumkataa yeye. Mimi naipokea kwa mikono miwili, nashukuru, halafu nampa baba mkubwa aliye karibu: "Nimepokea baba, ninywee." Anainywa, anafurahi, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Babu alininunia Krismasi moja tu. Ya pili alinitetea mwenyewe mbele ya wageni, akasema huyu anaendesha chombo kisichoegeshwa pembeni ya barabara.

Sasa tuje kwenye saa za kukaa bila pombe kabla ya kuruka, maana utakutana na watu wenye hesabu zao. Sheria ya Marekani inataka saa 8 zipite tangu tone la mwisho, na kilevi kwenye damu kisifike miligramu 40 katika mililita 100. Uingereza mwisho wa rubani ni miligramu 20, wakati kule England dereva wa gari anavumiliwa mpaka 80. India wanataka saa 12, na kipimo cha pumzi kisome sifuri. Kampuni nyingi nazo zimeandika 12 kwenye vitabu vyao, kwa hiyo cha kwanza ukifika soma kitabu cha kwenu, usiulize mezani.

Mezani wanaipenda ile ya 8. Injini inawashwa saa mbili asubuhi, basi mpaka saa sita usiku uko huru! Mimi siku moja nilichukua kalamu. Mwanaume wa kilo 75 anakunywa bia ya nusu lita yenye asilimia 5: hapo kuna kama gramu 20 za kilevi, na damu yake inapanda karibu miligramu 40. Mwili kwa wastani unaondoa kama 15 kwa saa, na hauharakishwi na kahawa, wala supu ya makongoro, wala kuoga maji ya baridi. Tuseme ameanza saa mbili usiku, akanywa sita, ya mwisho kaimaliza saa sita kamili. Zimepanda 240. Mpaka saa mbili asubuhi zimepita saa 12 tangu aanze, zimeondoka 180. Zimebaki 60. Saa zake 8 ametimiza vizuri kabisa, na bado amezidi kipimo cha Marekani, cha Uingereza amekizidi mara tatu. Miili inatofautiana, mwingine atakuwa na chini ya hapo, mwingine juu zaidi. Lakini bia sita kwa Arusha, unajua mwenyewe, mtu atakuapia kwamba jana hakunywa.

Tena damu ikishasafika, sikio bado. Ndani ya sikio kuna mifereji yenye maji, ndiyo inayokuambia umelala upande au umenyooka. Kilevi kinaingia humo taratibu na kutoka taratibu, na mifereji inaweza kukudanganya saa nyingi baada ya kipimo kusoma sifuri. Chini hutajua. Ingia kwenye wingu la mwezi wa saba juu ya ukingo wa Ngorongoro, inamisha kichwa kutafuta kalamu iliyodondoka, ndipo utakapoona ndege inapinduka wakati imenyooka. Halafu Caravan, hii ndege ndogo ya injini moja, haishindiliwi hewa. Ukiwa futi 10,000 oksijeni ni pungufu, na kilevi kinazuia mwili kuitumia hata hiyo iliyopo. Hapo sijagusa usingizi, maana pombe inakulaza haraka na kukuamsha saa tisa usiku. Na uko peke yako mbele. Kiti cha kulia amekaa mtalii na kamera yake.

Mimi nilipoacha, sababu kubwa ilikuwa hii ya kuhesabu. Nilichoka kukaa na watu jicho moja kwenye saa ya ukutani.

Kuna jambo nimelifikiria sana tangu nipate barua yako. Januari 1977 kule Anchorage, Alaska, ndege ya DC-8 ya Japan Airlines iliyobeba ng'ombe ilianguka mara tu baada ya kuruka, wakafa watu wote 5. Kapteni alikuwa amelewa chakari. Dereva wa teksi aliyempeleka uwanjani aliiona hali yake. Waliopanda naye hawakumzuia. Machi 1990 marubani watatu wa shirika la Northwest la Marekani waliirusha Boeing 727 kutoka Fargo kwenda Minneapolis baada ya usiku wa kunywa. Ndege ilitua salama, nao wakakamatwa. Aliyewasema ni mteja wa baa. Oktoba 2018 rubani msaidizi wa Japan Airlines alikamatwa Heathrow akiwa na miligramu 189, akafungwa miezi 10. Aliyemnusa ni dereva wa basi la wahudumu. Umeona? Teksi, baa, basi. Waliokuwa wakifanya nao kazi bega kwa bega, hakuna.

Nawaelewa, na hili ndilo linaloniuma. Rubani anaishi kwa leseni, na leseni iko mikononi mwa daktari. Ukimsema mwenzako umemkata mkono wa kulia chakula, na watoto wake unawafahamu kwa majina. Basi mtu anaumwa pombe miaka, na wote tunasema "jamaa anapenda raha." Lyle Prouse, aliyekuwa kapteni wa ile ndege ya 1990, alifungwa, akapoteza leseni zote. Aliacha pombe, akaanza leseni upya kutoka chini, Northwest wakamrudisha, akastaafu akiwa kapteni wa Boeing 747. Mwaka 2001 Rais Clinton akamsamehe. Marekani wana mpango wao tangu miaka ya 1970, unaitwa HIMS: rubani anajitokeza au anatolewa na wenzake, anatibiwa, anafuatiliwa kwa vipimo, akithibitika anarudi kuruka. Wamerudi maelfu. Mtu akijua kuna mlango wa kurudia, hata wewe unayemwona unapata ulimi wa kusema. Kijiweni kwetu bado sijamsikia mtu akitamka kwamba anaumwa. Tunatamka kwamba fulani "kazidisha jana".

Kwa hiyo usiye na chupa mbele yako ndiye utakayekumbuka walikunywa ngapi. Itakutokea, sikutishi. Utafika uwanjani alfajiri, mwenzako anakagua ndege yake, ananuka, anatafuna karafuu au pipi ya mnanaa. Kunywa kwake jana hakukuhusu. Kuruka kwake leo kunakuhusu. Mvute pembeni, usimuaibishe mbele ya mafundi. Mwambie: kaka, leo huruki, piga simu ofisini sasa hivi ukiwa nami hapa, uwaambie hufai kazi leo. Maneno ya kusema ayachague yeye. Akikataa, unapiga wewe, akikusikia. Usingoje abiria wapande, ukishawaona wamekaa utashikwa na aibu ya kuchelewesha safari. Baada ya hapo atakuchukia, labda mwezi, labda moja kwa moja. Mimi yupo mmoja hanisalimii mpaka leo, na tunapishana karibu kila asubuhi.

Jioni ile ile nenda kwake nyumbani. Usipeleke mahubiri, peleka chakula, ukae.

Basi, karatasi imejaa. Njoo na sweta nzito, na ukipita Kiboriloni nibebee ndizi mshare, za hapa sokoni wanatuuzia kwa bei ya wageni. Mama msalimie sana, na baba mdogo mwambie nyama choma nitamnunulia mimi, bia ajilipie.

Wako,
Wajina