Barua kwa wajukuu wa wapiganaji, huku na ng'ambo ya Ruvuma

Wajukuu zangu,

Nawasalimu nyote, mlioko Nachingwea, Masasi na Mtwara, na ninyi wa ng'ambo kule Mueda na Mocímboa da Praia. Nimesikia mmeunda umoja wenu na kuchagua viongozi, na kwamba hata mwaka haujaisha, nusu yenu mmeanza kukata tamaa. Baadhi yenu mmekuja kuniuliza, kwa kuwa nilikuwa kamisaa, yaani kiongozi wa siasa, katika kikosi cha FRELIMO, chama chetu kilichopigana na Wareno kuikomboa Msumbiji, tulipata wapi moyo wa kukaa porini miaka yote ile.

Moyo, wajukuu zangu, huja na kuondoka. Siku ya mvua na homa, chakula hakuna, usimtafute mwenye moyo. Kilichotuweka pale ni zamu. Kila mtu alijua usiku huu nani analinda, nani anachota maji, nani anabeba. Ukishindwa zamu yako, mwenzako ndiye anayekufa.

Watu hupenda kusimulia shambulio la Chai, kule kaskazini ya Msumbiji, usiku wa tarehe 25 Septemba 1964, vita vilipoanza. Tulikuwa na wapiganaji wapatao 250 tu waliokwisha kufuzu, dhidi ya jeshi la Ureno lenye ndege. Mimi napenda mkumbuke zaidi kambi yetu ya mafunzo ya Kongwa, huku Tanzania, ambako hapakuwa na la kusimulia. Samora Machel, aliyekuwa muuguzi kabla ya kujiunga nasi mwaka 1963, aliiongoza kambi ile. Watu walilima, walijenga, na waliojua kusoma waliwafundisha wasiojua. Kijana aliyekuja akitaka bunduki akapewa jembe alinung'unika sana. Wengi wa walionung'unika wakaacha, wakabaki wale walioweza kulima bila kupigiwa makofi.

Na wabebaji je? Silaha zilivuka Ruvuma kwa mitumbwi, kisha zikaenda kwa vichwa vya watu, siku nyingi za mwendo, wengi wao wakiwa wanawake. Nilimwona mama mmoja tulipopumzika. Alishusha sanduku, akafungua ngata yake iliyolowa, akaikamua, kisha akafuta risasi moja moja kwa upande mkavu wa kanga. Alipomaliza yote ndipo akakaa na kunyoosha miguu. Hakuna aliyemwamuru. Risasi yenye unyevu hugoma, na yeye alijua mtoto wa mwenzake ndiye atakayeishika. Mkiniuliza nidhamu ni nini, sina jibu jingine zaidi ya mama yule.

Tulipita kando ya mashamba ya mihogo tukiwa na njaa, na amri ilikuwa moja: mali ya mwananchi haiguswi. Wananchi wale wale walikuwa wakilima alfajiri na kujificha mchana kwa sababu ya mabomu, na bado walitugawia. Siku tungewaibia, vita vingeishia hapo. Palikuwa na viongozi walioanza kuuza bidhaa za wananchi kwa faida yao wenyewe, na hao ndio waliotugawa vibaya zaidi kuliko Mreno alivyoweza. Ndiyo maana nawaambia fedha za umoja wenu zisikae mfukoni mwa mtu mmoja, hata awe mwema namna gani. Daftari lisomwe hadharani kila mkutano, mbele ya mwanachama mdogo kuliko wote.

Msidanganyane pia katika taarifa. Amílcar Cabral, kiongozi wa wapigania uhuru wa Guinea-Bissau dhidi ya Wareno hao hao, aliwaagiza watu wake mwaka 1965 wasiseme uongo na wasijidai ushindi wa rahisi. Kamanda anayeandika kwamba kijiji kiko salama wakati hakiko, anawapeleka wenzake mautini. Ninyi mkiandika kuwa mmepanda miche yote na nusu imekauka, mtapanga nini mwakani?

Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Wengi walisema tumekwisha. Mwaka uliofuata Wareno wakatushukia Mueda kwa jeshi kubwa kuliko yote tuliyopata kuyaona. Hatukung'ang'ania kufa mahali pamoja. Vikosi vilijigawa vidogo vidogo, na nguvu zikaelekezwa mkoa wa Tete, magharibi, hadi kusini ya mto Zambezi. Kuvumilia kwetu hakukuwa kugonga kichwa ukutani. Lengo halikubadilika, njia ilibadilika mara nyingi, na ilibadilika baada ya watu kukaa chini na kubishana kwa heshima. Mapatano ya Lusaka, ambayo Ureno ilikubali uhuru wa Msumbiji, yalitiwa saini tarehe 7 Septemba 1974.

Kwa hiyo msivunje umoja. Itisheni mkutano kabla ya mvua za masika, aliyechoka apumzishwe bila kusemwa, mwingine ashike zamu yake. Nami nitakuja, mkinitumia mtu wa kunishika mkono njiani. Daftari nataka kulisikia likisomwa kwanza, kabla ya hotuba yoyote.

Babu yenu