Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wakulima na Wauzaji wa Viazi kwa Mgeni Rasmi, Nairobi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwenyekiti wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, hamjambo.

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana.

Wazazi wetu wengi walipata mashamba Kinangop, kule Nyandarua, katika mpango wa Ekari Milioni Moja wa kuwagawia Waafrika mashamba ya walowezi, ulioanza 1962. Mashamba yale yamegawiwa watoto, yakagawiwa tena wajukuu. Wanaume wengi wakaja Nairobi kutafuta kazi, jembe likabaki mikononi mwa akina mama. Hao ndio kikundi hiki: wengine wanalima kule, wengine wanauza hapa Marikiti, soko la Wakulima.

Mafanikio yetu ni makubwa. Hema hili na viti mlivyokalia ni mali yetu. Tumekopeshana mbegu safi na kila mkopo umerudi. Siku hizi pesa za mauzo zinamfikia mama kwa simu yake mwenyewe, na nyumbani anasikilizwa kuliko zamani. Hakuna kikundi jirani kilichofikia hatua hiyo.

Mheshimiwa, ombi letu ni mizani.

Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Shambani bado ni lumbesa, gunia la kujazwa kupita kiasi. Broka anakuja na gunia lake, linajazwa hadi mdomoni, kisha anashonea neti juu na kuendelea kujaza, hadi linapita kilo 100. Bei ni ya gunia moja. Likifika mjini, viazi vile vile vinapimwa kwa gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, na hakuna kinachotoka bure. Mama mwenye robo ekari hana pa kuongeza shamba. Alichobaki nacho ni kilo zake, na hizo ndizo zinazochukuliwa akiangalia. Akikataa, lori linaenda kwa jirani na viazi vyake vinaozea shambani.

Mwaka juzi, mgeni wetu wa siku hiyo alituahidi mizani mbili, moja ya Kinangop na moja ya hapa, kabla ya mavuno. Tulimpigia makofi, tukamvisha leso. Tukachanga, tukamwaga zege la kuziwekea. Zege lipo hadi leo, wanawake wanalianikia maharagwe. Tumeandika barua tatu, zote zikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tunasema haya kwa heshima, wala hatukulaumu wewe kwa ahadi ya mwingine.

Hivyo tunaomba mizani hizo mbili, pamoja na maofisa wa kukagua magunia barabarani msimu wa mavuno, si baada yake. Gharama ya mlinzi na ya ukarabati tutabeba wenyewe. Tumekwisha kuitengea pesa.

Mheshimiwa, kitabu cha wageni kiko mezani mbele yako. Tunakuomba, pamoja na sahihi yako, utuandikie tarehe ambayo mizani zitafika. Katibu atakusindikiza hadi kwenye gari na nakala za barua zile tatu.

Ahsante.