Barua kwa mpwa wangu anayehamishia bodaboda yake Tukuyu

Mjomba,

Mama yako amenipigia simu kuniambia umeshaamua: unaiaga Mbagala na unahamishia pikipiki yako kwetu Tukuyu, huku milimani Mbeya. Nimefurahi kwelikweli. Abiria wapo, mizigo ya ndizi na viazi ipo, na vijana wa kijiweni nimeshaongea nao. Ila unakuja Juni, wakati wa baridi, na baridi hiyo ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike. Nakuandikia hadharani kwa sababu kila mwaka naona vijana wanapanda huku kutoka kwenye joto wakiwa na pikipiki nzuri na sweta moja, na hakuna aliyewaeleza chochote.

Najua umeendesha sana kwenye mvua za Dar es Salaam. Huko unalowa, unafika, nguo zinakukaukia mwilini, maisha yanaendelea. Huku hesabu hiyo haifanyi kazi. Mvua zetu kubwa ni za Machi hadi Mei. Zikishapungua unabaki ukungu na manyunyu yanayoweza kuanza alfajiri yakaendelea hadi mchana. Mvua kubwa utaikimbia ujibanze kwenye kibanda cha mtu. Manyunyu utayadharau, utajiambia ni kidogo tu, na ukija kushtuka umelowa hadi fulana ya ndani.

Iangalie barabara yenyewe. Kyela, karibu na Ziwa Nyasa, ni kama mita 500 kutoka usawa wa bahari. Isyonje, pale panapochepuka njia ya Kitulo, ni zaidi ya mita 2,000. Kwa kawaida hewa hupoa nyuzi 6 hadi 7 kila unapopanda mita 1,000. Kwa hiyo ukichukua mzigo Kyela mchana, fulana imeloa jasho, ukifika Isyonje umeacha nyuma nyuzi 10 hivi, na jasho lile ndilo litakalokutesa. Wazoefu husimama njiani wakabadilisha fulana na kuvaa koti wakiwa bado hawasikii baridi. Ukingoja uanze kutetemeka ndipo uvae, umechelewa: koti halikupi joto, linakulindia lile ulilonalo.

Halafu kuna upepo unaoutengeneza mwenyewe kwa mwendo wako. Hewa ikiwa nyuzi 10, ukaenda kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 5. Hapo bado hujalowa. Maji yanaufyonza joto mwili kwa haraka zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, ndiyo maana nguo mbichi ni mbaya kuliko kukosa nguo ya pili. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua koti na suruali ya mvua isiyopitisha maji. Sweta tutakutafutia mtumbani.

Sasa nikwambie ninachokiogopa hasa. Watu watakuonya kuhusu utelezi, na wana haki. Mimi nakuonya kuhusu vidole. Kwa kilomita 60 kwa saa, kila sekunde pikipiki inakwenda mita 17 hivi. Vidole vikiwa na ganzi, ile sekunde ya kuikuta breki na kuibana inaongezeka, na zile mita nyingine 17 ndizo alipo mtoto aliyevuka barabara. Na baridi haiishii kwenye vidole, inapanda hadi kichwani. Mwili wa kawaida una nyuzi 37. Ukishuka chini ya 35, mtu anaanza kuamua vibaya na mwenyewe hajui.

Kuna kijana alifika kijiweni asubuhi moja akitokea upande wa Isyonje, kavaa kikoti cha jinzi. Alisimamisha pikipiki akabaki ameikalia. Abiria akampa noti, ikamponyoka. Mkono wa kulia ulibaki umejikunja vilevile kama bado umeshika mshikio wa mafuta. Alijaribu kufungua mkanda wa helmeti akashindwa, na alipojieleza maneno yakawa yanamkatikia mdomoni. Mmoja wetu akasema huyu kalewa. Hakuwa amelewa, mjomba. Mama mmoja muuza chai ndiye aliyetambua. Tulimvua nguo mbichi, tukamfunga blanketi, akanyweshwa chai ya tangawizi yenye sukari nyingi kwa kijiko. Alitaka kuweka mikono juu ya jiko la mkaa, yule mama akaikamata na kumwambia aiweke kwapani. Mkono wenye ganzi hausikii moto, unaungua huku mwenyewe anaona raha.

Kwa hiyo usione aibu kutetemeka. Ukianza kutetemeka, simama. Na ukiona mwenzio alikuwa anatetemeka, sasa ameacha lakini hajapata joto popote, huyo amezidiwa, atafutiwe hospitali. Wapo watakaokupa kipimo cha pombe kali wakikwambia inapasha. Inapasha ngozi tu: inaifungua mishipa ya juu, damu yenye joto inakuja nje, baridi inaichukua. Kataa, hata anayekupa akiwa mkubwa wako.

Mikono tunailinda hivi. Glovu za sufu ndani, juu yake glovu za mpira za namba kubwa, zisibane, maana glovu inayobana inazuia damu. Fundi cherehani hapa mjini anashona vifuniko vya turubai vinavyofungwa kwenye usukani, unaingiza mkono ndani. Jaribu kwanza pikipiki ikiwa imesimama, uhakikishe unafikia breki, klachi na honi bila kukwama. Kifuani weka gazeti kati ya fulana na sweta, linakata upepo vizuri mno. Miguuni vaa gambuti, na suruali ya mvua ishuke juu yake kwa nje. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapajani yanaishia kwenye soksi. Zamani tulivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi, lakini tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019 gambuti imechukua nafasi hiyo.

Pikipiki yenyewe nitakuonyesha ukifika, ila machache uyajue. Tairi likishakuwa kipara, usilipandishe huku. Cheni ipake oili kila jioni, mvua inaiosha. Kama breki zako ni za ngoma, ukivuka dimbwi usiziamini mpaka uzibane taratibu mara kadhaa zikauke. Kuteremka Kiwira usining'inie kwenye breki: rudisha gia, injini ikushikilie. Malori ya Malawi yanapita hapa usiku na mchana, na yakimwaga dizeli kwenye kona utaona rangi za upinde wa mvua juu ya lami. Hapo usibane breki wala usilaze pikipiki, iache ipite wima. Tope linalotoka njia za mashambani na kuingia lami linahitaji heshima hiyohiyo.

Kioo cha helmeti kitafunga ukungu kwa pumzi yako mwenyewe. Kipake sabuni kavu kwa ndani, ukifute kwa kitambaa mpaka king'ae, na ukiache wazi kidogo kwa chini. Ile miavuli mikubwa ya pikipiki uliyoizoea iache hukohuko. Upepo wa milimani ukiushika mwavuli, unakupeleka unakotaka wenyewe.

Na abiria, mjomba. Wewe una koti, yeye ana kanga. Utamkuta mama ana mtoto mgongoni, wamelowa wote wawili, na anakuomba uwahi. Weka koti la pili kwenye pikipiki kwa ajili ya watu kama hao, na uende polepole, kwa sababu upepo unaomgonga mtoto ni mwendo wako. Wakija wawili wakitaka mshikaki kwa kuwa kunanyesha, chukua mmoja. Na ukungu ukiwa mzito kiasi kwamba huoni lori lililo mbele, mwambie abiria tungoje, hata akitukana, hata akienda kwa mwenzako. Nauli hiyo iache iende. Mama yako hakukuzaa uje kutafutwa bondeni kwa tochi.

Kuhusu safari: usiiendeshe pikipiki kutoka Dar. Ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Ipakie kwenye lori, wewe panda basi. Njoo na helmeti mbili, yako na ya abiria, zenye vioo visivyo na mikwaruzo. Shuka Uyole, nitakuwa nakungoja. Basi huenda likafika usiku, kwa hiyo sweta na soksi ziwe kwenye begi la mkononi. Lile koti la mvua nililokutajia usinunue tena, nimeshakununulia, na nimechukua kubwa kidogo ili sweta mbili zikae ndani.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako,
Tukuyu