Visiwa Visivyo na Bara: Risala ya Chama cha Jiografia kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Nahodha wetu, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu: assalamu alaikum, na hamjambo nyote.

Tumesimama hapa kwa niaba ya Chama cha Jiografia. Nahodha, wewe umeyapita kwa meli maji ambayo sisi tumeyaona kwenye atlasi tu. Tutakapokosea utukosoe papo hapo, hatutaona haya.

Muhula huu tulisoma nchi ndogo za visiwa, na kusema kweli tulianzia kwenye shida. Mifereji ya shule ilikauka siku nne. Tukanunua maji kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, na yale ya kisima yalikuwa na chumvi hata chai haikunyweka. Mwalimu akatuuliza: maji ya Mombasa hutoka wapi? Tukajibu haraka: Mzima, Marere, Baricho, Tiwi. Akasema, "Yote hayo ni bara. Je, kisiwa kisicho na bara hunywa nini?" Darasa zima kimya.

Basi tukatandaza kitambaa cha buluu na kubandika pojo, kila punje kisiwa. Kuku wa mlinzi alidonoa nusu ya Maldivi kabla gundi haijakauka, tukaanza upya. Kilichotushangaza ni kwamba kitambaa hakikutosha. Ushelisheli ina visiwa 115, na nchi kavu yake yote ni kama kilomita mraba 455, lakini bahari yake inapita kilomita mraba milioni 1.3, zaidi ya mara mbili ya Kenya nzima. Kiribati, huko Pasifiki, ina kilomita mraba 811 za ardhi na kama milioni 3.5 za maji. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 ndio unaoipa nchi yenye pwani haki ya kutumia mali iliyomo hadi maili 200 za baharini, na kisiwa chenye watu kinahesabiwa sawa na bara. Kwa hiyo Kiribati huishi kwa leseni: meli za kigeni hulipia ruhusa ya kuvua jodari, na malipo hayo ndiyo sehemu kubwa ya mapato ya serikali. Samaki wake, nyavu za wenzake.

Tukirudi kwenye maji, Malé, mji mkuu wa Maldivi, hunywa maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi kwa mitambo. Desemba 2014 moto ulizuka kwenye mtambo huo, na watu zaidi ya 100,000 wakabaki na mifereji mikavu. India ikawapelekea maji kwa ndege na kwa meli. Zile siku zetu nne tukazitazama kwa jicho jingine. Na tukiri, hapa kwetu neno "bara" mara nyingi hutajwa kwa kulalamika. Kwa muhula mmoja tuliliheshimu.

Tulikokaa zaidi ni Ngazija, kisiwa kikubwa cha nchi ya Komoro, kwa sababu ni jirani, na kwa sababu bibi yake mwenzetu mmoja wa Kidato cha Tatu ni mzaliwa wa huko. Alikuja darasani na buibui lake, akakaa kwenye kiti cha mwalimu, akatueleza kuwa kwao hakuna mito. Atlasi ikamkubalia: kisiwa cha Ngazija hakina mto wa kudumu, kwani miamba ya volkano ya Karthala huyameza maji ya mvua. Watu hukinga mvua kwenye birika. Akatuuliza kama tunayajua maua ya mlangilangi. Nani asiyeyajua? Mama zetu huyatia kwenye vikuba. Kule huchemshwa hadi mvuke wake utoe mafuta, yakauzwa ng'ambo kutengenezea manukato. Mlangilangi, vanila na karafuu: nchi nzima inategemea mazao matatu hayo, pamoja na pesa zinazotumwa na Wangazija walioko Ufaransa. Bei ya vanila ikianguka, hakuna pa kukimbilia. Na bandari ya Moroni, mji mkuu, ina kina kidogo, hivyo meli kubwa hutia nanga nje na mchele ukashushwa kwa matishari. Hilo bila shaka wewe Nahodha unalijua kuliko sisi.

Siasa za Komoro zilitupa mabishano ya wiki mbili. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, na Maore, yaani Mayotte, ikachagua kubaki na Ufaransa. Uhuru ukatangazwa Julai 6, 1975. Tangu 2011 Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa, na mtu wa Nzwani, kimoja cha vile visiwa vitatu, anahitaji viza kwenda kisiwa ambacho huwa anakiona siku ya anga safi. Wasioipata hupanda vidau viitwavyo kwasakwasa usiku, na wengi wamekufa maji. Nzwani nayo ilijitenga mwaka 1997. Urais ukawa wa kupokezana kati ya visiwa kwa katiba ya 2001, na bado Machi 2008 Umoja wa Afrika ulilazimika kupeleka wanajeshi, wa Tanzania wakiwamo, kumwondoa Mohamed Bacar, kiongozi wa Nzwani aliyeng'ang'ania madaraka. Baadhi yetu tulidhani nchi ndogo ni rahisi kutawala. Hatudhani hivyo tena.

Nauru, nchi ya kisiwa kimoja huko Pasifiki, tutaipita upesi: kilomita mraba 21 tu, ikatajirika kwa fosfeti, ikajenga jumba refu mjini Melbourne, fosfeti ikapungua, jumba likauzwa 2004. Tangu 2002 imebadilisha utambuzi wake kati ya Beijing (China) na Taipei (Taiwan) mara tatu, ya mwisho ikiwa Januari 2024. Wapo wanaocheka. Sisi tunaona ni mwenye bidhaa moja akitafuta bei, na bidhaa yenyewe ni kura. Pale Umoja wa Mataifa, Tuvalu yenye watu kama elfu 11 ina kura moja, na India ina moja.

Kura hizo zimefanya kazi. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria huko Pasifiki waliwaza kuuliza Mahakama ya Kimataifa ya Haki kama mataifa yana wajibu kisheria kuhusu tabianchi. Vanuatu ikalibeba wazo hilo, Baraza Kuu likalipitisha Machi 2023, na Julai 23, 2025 majaji wakajibu kwamba wajibu upo. Wanafunzi, Nahodha! Siku hiyo tuliyosoma habari hizi hatukutoka hata kengele ilipolia.

Sasa maombi yetu. Shule ina paa refu la mabati na haina pa kukingia mvua. Tunaomba utusemee kwa wafadhili unaowajua tupate birika. Ukiwa na ramani za baharini ulizostaafu nazo, hata zilizochakaa, tutazitunza. Na kabla hujaondoka, tunaomba ushike chaki utuonyeshe njia ya meli kutoka Kilindini hadi Moroni.

Kitambaa kiko pale chini ya mwembe. Tuwie radhi, usiegemee upande wa Kiribati, gundi bado mbichi.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Jiografia, Mombasa.