Simu yako haikuwa feki

Majengo, Dodoma
Jumapili jioni

Ndugu yangu Saidi,

Habari za Manyoni? Mfikishie mama shikamoo yangu. Mimi sijambo, ila upepo wa huku unanimwagia vumbi mezani hadi nafunika mabodi kwa kanga.

Lile neno lako kwamba tuliuziwa iPhone 6s mbili, yangu orijino na yako feki eti kwa kuwa inazima saa sita mchana, lifute. Jana nilizifungua zote. Nikainua kava la bati, nikasoma chipu kwa lenzi: yako APL0898, yangu APL1022. Yako imetoka kiwanda cha Samsung, yangu cha TSMC, Taiwan. Zote ni A9, chipu ya Apple iliyo ubongo wa simu hiyo, zote halali.

Apple huchora chipu, kiwanda cha kuzitengeneza hawana. Basi mwaka 2015 kazi moja wakawapa mafundi wawili, kama sare za harusi ya dada yako: mshono mmoja, cherehani mbili. Samsung walitumia njia yao ya nanomita 14 (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), TSMC ya 16. Namba hizo usizipime kwa rula, ni majina ya biashara zaidi. Hata hivyo chipu yako kweli ni ndogo: milimita za mraba 96 hivi, yangu inakaribia 105. Ramani ya chipu ilibidi ichorwe mara mbili, maana kila kiwanda kina taratibu zake, na hiyo si hela ndogo. Lakini umtegemee fundi mmoja, tena anayeuza simu za kushindana na zako? Samsung nao walishatafuta mwenza: mwaka 2014 walikubaliana na GlobalFoundries, watengeneza chipu wa Marekani, watumie njia hiyohiyo ya 14.

Watu walipopima wakalalamika kwamba simu zenye chipu ya Samsung zinakula chaji. Apple wakajibu kuwa kwa matumizi ya kawaida tofauti ni asilimia 2 au 3 tu. Mwaka uliofuata, kazi ya chipu mpya, A10, yote ikaenda TSMC.

Sasa asilimia 3 haizimi simu saa sita mchana, Saidi. Betri yako ilikuwa imevimba hadi kioo kimeachia pembeni, na najua unaichaji chini ya mto. Nimeweka nyingine. Simu itakuja na basi la kesho asubuhi, hela ya betri utanitumia.

Yule muuzaji bado yupo palepale. Ukija Dodoma kamwone, maana ulimtukana mbele ya wateja wake.

Wako,
Fundi Hamisi